Lile la zamani liacheni limesimama

Huu ni mwaka wangu wa tisa Norway, na kila mgeni anayetoka nyumbani nampeleka Lærdal akalione kanisa la Borgund. Ni la mbao tupu, lina zaidi ya miaka 800. Siku ya jua ukigusa ukuta wake, vidole vinanata lami. Lami hiyo, inayokamuliwa kwa kuchoma visiki vya misonobari, ndiyo dawa yake: hupakwa tena na tena ili mvua isipenye. Nguzo nazo hazikuchimbiwa ardhini. Zimesimamishwa juu ya magogo yaliyolazwa kwenye mawe, ndiyo maana hazikuoza.

Wageni huniambia, "Wenzetu wanajua kutunza." Mimi nakataa. Makanisa ya namna hii yalikuwa mamia, leo yamebaki 28. Sheria ya mwaka 1851 ilitaka kila kanisa liweze kuchukua angalau watu watatu katika kila kumi wa eneo lake, na vijiji vingi vikabomoa la zamani. Borgund lilipona kwa kuwa mwaka 1868 walijenga jipya pembeni, la zamani wakaliacha. Mwaka 1877 chama cha kuhifadhi mambo ya kale kikalinunua.

Kwetu Usambara, Tanzania, tulifanya kinyume. Kanisa nililobatiziwa, la kuta za mawe na kenchi za mbao za mkulo, lilibomolewa mwaka juzi. Sababu ilikuwa ya kweli: washarika wameongezeka, wengine walikuwa wanasali nje chini ya turubai. Nami nilituma mchango wa jengo jipya bila kuuliza litasimama wapi. Kisha kaka akanitumia picha: mbao za mkulo zimerundikwa kando ya tanuri la matofali, tayari kuwa kuni. Nililia. Harufu ya mbao zile ndiyo harufu ya Krismasi zangu zote za utotoni.

Tusiisubiri serikali. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na makanisa ya bara karibu yote ni ya baadaye. Misheni ya Mlalo, huko kwetu Usambara, yenyewe ilianza 1891. Hayo ya baadaye hayalindwi mpaka yatangazwe rasmi. Kwa hiyo mlinzi ni baraza la wazee wa usharika.

Wazee wangu ambao kanisa lenu la zamani bado limesimama, kabla ya kuitisha harambee, pimeni kwanza kiwanja. Nafasi ikipatikana pembeni, jengeni hapo, lile la zamani wapeni kwaya na watoto wa shule ya Jumapili. Mkifanya hivyo mchango wangu upo, na safari hii nitaanza na bati za lile la zamani.