Kukatwa kodi si kuwasilisha ritani

Nimeishi Leicester, Uingereza, miaka kumi na sita, na katika muda huo sijamsikia Mpemba mwenzangu akilalamikia kodi aliyokatwa kwenye mshahara. Malalamiko yetu yote ni ya barua. Yangu ilifika mwezi wa Februari, ikinidai faini ya pauni 100 kwa kutowasilisha ritani ya kodi ya mapato, yaani fomu ya kueleza nilichopata mwaka mzima, ifikapo tarehe 31 Januari. Nilikuwa dereva wa basi, nikikatwa kila mwezi, na mwisho wa wiki nikichukua oda za biriani za harusi. Kwa ajili ya hilo biriani nilikuwa nimekwenda kujisajili mwenyewe, nikapewa namba ya mlipakodi yenye tarakimu kumi, kisha nikakaa kungoja mtu aje.

Nilingoja kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Baba alikuwa na duka Wete, kule Pemba, na naikumbuka siku moja afisa wa kodi alipokuja na faili kwapani, akasimama mbele ya kaunta, akayapitia kwa macho magunia ya mchele na sukari, akauliza mauzo ya siku. Baba akamtolea kiti na dafu, akamweleza kwamba karafuu mwaka ule hazikushika na nusu ya wateja wamo daftarini, yaani wanakopa. Wakavutana kiasi cha nusu saa, kisha ikaandikwa tarakimu ambayo hakuna kati yao aliyeipenda. Jioni nyumbani tukaambiwa baba amekadiriwa. Kitenzi chenyewe ni cha kutendwa: wewe umekaa, mwenzio ndiye anayekadiria.

Uingereza mtu hujikadiria. Mfanyakazi ambaye kipato chake ni mshahara tu, na mwajiri amekwishamkata, kwa kawaida hana ritani ya kuwasilisha, na hapo ndipo wengi wetu tunapopumzika mapema. Akishapata kipato cha pembeni ambacho hakikukatwa kitu, hali hubadilika. Anayejifanyia kazi mwenyewe, iwe ni teksi, ususi au mapishi, akiingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka kabla ya kutoa gharama, anatakiwa awe amejisajili ifikapo tarehe 5 Oktoba inayofuata mwisho wa mwaka huo wa kodi, kisha awasilishe. Mwaka wenyewe huanza tarehe 6 Aprili, ambayo kwangu ni rahisi kuikumbuka, kwa kuwa kesho yake ni Siku ya Karume.

Jambo linalowaponyoka wenzetu ni kwamba faini ile haiulizi kama unadaiwa. Kiwango kisichotozwa kodi ni pauni 12,570 kwa mwaka, na mtu anaweza kupata chini ya hapo, asiwe na deni hata la senti moja, lakini akishatakiwa kuwasilisha na akachelewa, zile 100 zinamfuata. Kulipa ni wajibu mmoja na kusema ulichopata ni wajibu mwingine.

Sisemi kwamba nyumbani hakuna sheria kama hiyo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na kule Zanzibar kodi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Humo pia mwajiriwa wa mwajiri mmoja, ambaye mshahara ndio kipato chake pekee na amekwishakatwa, hasumbuliwi na ritani. Wengine wanaohusika wana miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani hadi tarehe 30 Juni kwa anayehesabu kuanzia Januari. Tofauti ninayoiona mimi imo katika mazoea. Mfanyabiashara mdogo wa kwetu amezoea kukadiriwa, hivyo anaiona kodi kuwa ni mazungumzo, na daftari la mauzo analiona kuwa ni ushahidi dhidi yake. Naona hilo ni kosa, kwa sababu asiye na daftari hana cha kumwonyesha afisa anayekadiria kupita kiasi. Hata hivyo nakiri kwamba yule afisa wa Wete angalau aliyaona magunia kwa macho yake. Huku najaza fomu ya kompyuta saa tano za usiku, na hakuna wa kumweleza kwamba karafuu hazikushika.

Tena lipo la nyumba. Mkaazi wa Uingereza, ukiacha misamaha michache, hutakiwa kutangaza kipato chake cha dunia nzima, na mimi nina nyumba Wete yenye wapangaji. Kiswahili hakinisaidii hapa, maana anachonipa mpangaji ni kodi na ninachodaiwa na serikali ni kodi. Nilipompigia kaka simu kumwambia kodi ya Wete inatozwa kodi Leicester, alidhani nimepandisha pango. Kilichokwishalipwa huko kama kodi ya mapato kinaweza kupunguzwa katika hesabu ya huku, mradi kuna karatasi, na gharama za matengenezo nazo zinataka karatasi.

Nikamwomba risiti ya fundi aliyeezeka bati mwezi wa Ramadhani. Alicheka sana, akaniuliza kama nimesahau kwamba fundi mwenyewe ni mjomba. Baada ya siku tatu alinitumia picha ya ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, mwandiko wa mjomba, tarehe, idadi ya mabati na sahihi, na pembeni alama ya kikombe cha chai.