Mlima wa pole pole na watu wenye haraka

Agosti 2014 mkimbiaji wa milima Karl Egloff alianzia geti la Umbwe la Mlima Kilimanjaro, akagusa kibao cha Uhuru kileleni, akashukia geti la Mweka. Saa iliposimamishwa ilisoma saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Kupanda peke yake kulimchukua saa 4 na dakika 56, muda ambao mgeni wa kawaida anautumia kutoka kempu moja hadi nyingine na bado anauliza kama chai iko tayari. Ndiyo maana maofisi ya utalii ya Moshi hayakosi mtu wa kuuliza: yule alimaliza kwa saa 7, mimi nilipie siku 7 za nini?

Swali ni la haki. Jibu letu la siku zote, "pole pole", halimtoshelezi anayeuliza, na kwa kweli halitoshi.

Tupige hesabu kwanza. Geti la Umbwe liko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Uhuru ni 5,895. Kwa saa 4 na dakika 56, huo ni wastani wa karibu mita 870 za mwinuko kila saa, matope ya msituni yakiwemo. Usiku wa kilele, mgeni anayetoka kempu ya Barafu kwenda Stella Point, ukingoni mwa kreta, anapanda kama mita 1,080 kwa saa 5 au 6, yaani mita 200 kwa saa. Kushuka kwa Egloff ndiko kunakotisha zaidi: mita 4,250 na ushei kwa dakika 106, sawa na mita 40 kwenda chini kila dakika. Aliyewahi kuteleza kwenye changarawe za chini ya Stella anajua magoti yanavyolipa deni hilo.

Ila namba hizi zina mtego. Bruno Brunod wa Italia alipanda mwaka 2001 kwa saa 5, dakika 38 na sekunde 40, lakini alipita Marangu, njia ya karibu kilomita 35 kwenda juu. Kilian Jornet wa Hispania alipanda mwaka 2010 kwa saa 5, dakika 23 na sekunde 50, akamaliza kupanda na kushuka kwa saa 7 na dakika 14. Simon Mtuy, mwongozaji wa hapa hapa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa saa 9 na ushei akiwa amebeba chakula na maji yake mwenyewe, bila wa kumpokea njiani. Nani mwenye kasi kuliko wote? Inategemea unapima nini. Umbwe ni fupi na imesimama kama ngazi, Marangu ni ndefu na laini, na chupa ya maji unayopewa mkononi njiani ni kilo usiyoibeba mgongoni. Ukitajiwa "rekodi ya Kilimanjaro", uliza njia ipi, kupanda tu au na kushuka, kwa msaada au bila. Bila majibu hayo, namba haikuambii kitu.

Sasa tuwape wenye haraka haki yao, kwa sababu wana hoja ambayo wengi wetu hatupendi kuikubali: mlima unaumiza kwa muda unaokaa juu. Hewa ya Uhuru ina asilimia ileile 21 ya oksijeni kama ya Tanga, ila mgandamizo wake ni kama nusu, kwa hiyo kila pumzi inaleta nusu ya kile mwili ulichozoea. Madhara hayaji papo hapo. Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu wa ugonjwa wa mwinuko huanza zaidi kati ya saa 6 na 12 baada ya kufika juu. Ubongo kuvimba huja kwa kawaida baada ya siku moja au zaidi. Maji kwenye mapafu hupenda kutokea usiku wa pili hadi wa nne. Anayefika kileleni na kurudi msituni ndani ya saa 7 ameondoka kabla ugonjwa haujapata nafasi ya kukaa. Kwa maana hiyo kasi ni kinga. Ndiyo sababu pia mgonjwa akizidiwa hakuna dawa inayoshinda kumshusha haraka.

Hoja hiyo lakini ina sharti, na sharti lenyewe halionekani kwenye saa. Ukifika juu, ndani ya dakika chache unaanza kuhema zaidi. Kuhema huko kunafukuza kabonidioksaidi nyingi, damu inaegemea upande wa alkali, na ubongo unaamuru upumue kidogo. Ndiyo maana usingizi wa siku za kwanza unakatikakatika na mtu anashtuka kama aliyekabwa. Kinachorekebisha hali hiyo ni figo, kwa kumwaga bikaboneti, yaani alkali ya damu, kwenye mkojo, na kazi hiyo inachukua siku 3 hadi 5. Dawa ya Diamox inachofanya ni kuzisukuma figo tu: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuongea na daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa. Vidole vitawasha na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Mkojo mwingi usikutie hofu, ndiyo kazi inafanyika. Damu yenyewe kuongeza chembe nyekundu ni suala la wiki.

Egloff alikuja na hayo yote mwilini. Ni mwongozaji wa milima, mzaliwa wa Quito, mji wa Ekuado ulioko mita 2,850, juu kidogo ya vibanda vya Mandara. Yaani alikulia mahali ambapo mgeni wetu wa Marangu analala usiku wake wa kwanza. Hizo saa 6 na dakika 42 ni ncha tu ya miaka. Anayezichukua peke yake akaacha miaka nyuma ameokota ganda akadhani ni ndizi.

Balaa lenyewe liko katikati, kati ya mkimbiaji na mgeni wa siku 8. Chukua Marangu ya siku 5, safari inayouzwa sana kwa sababu ni fupi na ni nafuu. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,700. Wa pili Horombo, 3,700. Wa tatu Kibo, 4,700, ambako mgeni hapati usingizi hasa: anakula saa 11 jioni, anajilaza kidogo, anaamshwa saa 5 usiku na kuanza kupanda saa 6. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja. Safari hii inaongeza 1,000, mara mbili mfululizo. Na saa anazofika kwenye mwamba wa Gilman, ukingoni mwa kreta, ni zilezile ambazo ugonjwa wa mwinuko umeshaota mizizi, mapafu yako kwenye kipindi chao cha hatari, na figo hazijamaliza kazi. Amekawia kiasi cha kuugua na hakukawia kiasi cha kuzoea.

Na mtu huyo alitembea pole pole njia nzima. Hapo ndipo msemo wetu unapotuangusha. Kuna pole pole ya miguu na kuna pole pole ya usiku. Ya miguu inakuokoa na jasho na kuhema ovyo. Ya usiku ndiyo inayokuzoesha hewa. Unaweza kunyata kama kinyonga kutoka Horombo hadi Kibo kwa saa 7 na bado umeruka mita 1,000 za kulala. Methali ya haraka na baraka imechapwa kwenye fulana za watalii mjini kote, lakini haijawahi kumweleza mtu tofauti hiyo.

Tena miguu nayo ikizidi upole ina madhara yake. Usiku wa kilele baridi inashuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na upepo unaongeza. Anayesimama kila hatua 20 mwili unapoa, vidole vinakufa ganzi, na mpira wa maji wa begani unaganda. Maji yaliyobaki mrijani yapulizwe yarudi ndani ya mfuko kila baada ya kunywa, na chupa ibebwe kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Anayekwenda mbio naye analowa jasho ndani ya makoti, halafu anafika Stella saa 10 alfajiri, gizani, na kugandia pale pale. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Mwongozaji mzuri anaongea njia nzima, na si kwa sababu ya umbea. Anasikiliza jibu linavyotoka.

Kwa nini basi siku 5 zinaendelea kuuzwa? Pesa, na tusiwalaumu wageni peke yao. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, ada ya hifadhi ni dola 70 kwa siku na kibanda dola 60 kwa usiku. Weka VAT ya asilimia 18, siku ya sita inaongeza dola 153 na senti kwa kila mgeni, kabla ya chakula na mishahara. Mwanafunzi aliyejibana kwa miezi kuja Afrika Mashariki ataikata siku hiyo, nasi tutampokea. Anayesema siku nyingi ni ujanja wa kuchuma dola hajakosea kabisa, maana kweli kila anayehusika analipwa kwa siku. Ila siku ya sita ya Marangu, ile ya kulala Horombo mara mbili na kupanda hadi kwenye miamba ya pundamilia kisha kurudi, ndiyo siku pekee ya safari nzima inayofanya kazi ya figo. Ukiikata hiyo umekata dawa.

Mwenye haraka ya kweli ana njia ya kuokoa muda bila kuruka ngazi. Aanze na Meru, upande wa Arusha: kutoka geti la Momella hadi vibanda vya Miriakamba mita 2,500, kisha vibanda vya Saddle 3,570, kilele 4,566, siku 4. Hutakimbia, maana nyati wapo na askari mwenye bunduki ndiye anayeamua mwendo. Ukipumzika siku moja au mbili mjini na kuingia Kilimanjaro kwa njia ya Machame ya siku 6, unaingia na mwili ulioanza kuzoea. Usikae chini wiki mbili ukitarajia faida ibaki. Inayeyuka. Machame yenyewe ina siku ya Lava Tower: unafika mita 4,600 mchana, unarudi kulala Barranco 3,960. Ni mguu juu, kichwa chini, na ndiyo hesabu yote.

Na penye haraka pawe na vipimo. Kipima oksijeni cha kidoleni ni kizuri, lakini kidole cha baridi kinadanganya. Mpashe mgeni mikono kwanza, ondoa rangi ya kucha, subiri namba itulie. Namba peke yake haimshushi mtu, wala haimruhusu aendelee. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole cha mbele, hatua 10. Akiyumba kama mlevi, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa, au akikohoa povu lenye wekundu, mapafu yameingia maji. Kwa lolote kati ya hayo anashushwa saa hiyohiyo, mita 1,000 kama njia inaruhusu, kwenye machela ya tairi moja na oksijeni lita 2 hadi 4 kwa dakika. "Tusubiri kukuche" ndiyo kauli inayoua.

Kuna wenye kasi wengine ambao saa haiwapimi. Mgumu, yaani mpagazi, anaondoka kempu baada ya wageni, akishavunja mahema, mzigo umepimwa usizidi kilo 20, anawapita kabla ya saa 4 asubuhi, na wakifika wanakuta mahema yamesimama na popkoni iko mezani. Kasi yake inatoka kwenye kazi, na kazi hiyo hiyo ndiyo inayomficha akiumwa kichwa, maana aliyeshushwa hapati siku zake. Naye damu yake ni ya binadamu: kati ya safari anakaa Moshi, kwenye mita 900 hivi, na mazoea yanapungua kama ya mtu yeyote. Kipimo cha mstari mnyoofu kimhusu na yeye, jioni, mzigo ukishatua.

Rekodi ziachwe ziendelee kuvunjwa; watu wanaozivunja wanajua walichokuja nacho. Kinachopaswa kubadilika ni namna tunavyozitaja safari zetu kwenye matangazo. Badala ya siku, tuandike usiku uliolaliwa juu ya mita 3,000 kabla ya kilele. Marangu ya siku 5 ina 2. Ya siku 6 ina 3. Njia ya Lemosho ya siku 8 ina 5. Mgeni achague akiwa anaziona namba hizo kando ya bei.