Mifuko 14 Yenye Kesi

Asubuhi ya leo nimeikuta mifuko yetu 14 ya taka tulizookota kwa kujitolea pale pale kando ya barabara tulipoiacha Jumamosi, isipokuwa sasa kila mmoja umebandikwa karatasi yenye mhuri wa halmashauri, inayomtaka mtupaji ajitokeze ndani ya siku 7. Mtupaji! Mimi niliyeshinda nimeinama nikiokota vishungi vya sigara, ambavyo vingi ni plastiki na wala haviozi upesi, leo ndiye natafutwa.

Nikavaa kizibao cha kung'aa, ambacho ndicho msaada pekee tuliowahi kupewa, tena kwa kutia saini ya kukiazima, nikaenda ofisini kwa heshima zote.

"Mzee wangu, taka hizo mlizitupa lini?" akaniuliza afisa.

Nikamweleza kwamba hatukutupa, tuliokota, mtaroni. Akafungua faili, akalisoma kwa utulivu wa mtu ambaye mshahara wake hauna haraka, kisha akanifahamisha kwamba mtaro ni wa halmashauri, ilhali hifadhi ya barabara, pale ilipo mifuko, ni ya wakala wa barabara. Kwa hiyo tumetoa taka za halmashauri na kuzipeleka katika ardhi ya watu bila kibali.

"Na kama tungeziacha mtaroni, mwanangu?"

"Hapo msingekuwa na kosa lolote, mzee."

Nikameza mate. Nikamwomba basi atume gari. Akasema gari lipo, ila hubeba taka za majumbani; za barabarani zina fomu yake, na fomu hiyo husainiwa na mwenye taka.

"Mwenye taka ni nani?"

"Ndiye tunayemtafuta. Hukuisoma karatasi?"

Nilipotoka nilikuwa nimesahau hata kuaga. Njiani jirani aliniuliza tunalipwa kiasi gani kwa kazi hiyo, na dereva mmoja akapunguza mwendo, akanirushia chupa na kuniambia nichukue na hiyo.

Nasikia kule Estonia, tarehe 3 Mei 2008, watu wapatao 50,000 walikusanya taka tani 10,000 kwa siku moja. Sina wivu na hao watu, kwa kuwa hata sisi mikono tunayo; ninachotaka kujua ni nani aliyesaini fomu ya tani 10,000. Na Texas, tangu 1985, kikundi kinachojitolea kusafisha kipande cha barabara kuu huwekewa kibao chenye jina lake kando ya barabara hiyo. Nasi tumeandikiwa, tena mara 14, wala hatukuomba.

Nimerudi kuitazama mifuko. Wa tisa umepasuliwa na mbwa, na ile karatasi yake yenye mhuri imepeperushwa na upepo hadi mtaroni. Nimeipita. Kibali sina, na kizibao chenyewe natakiwa kukirudisha Jumatatu kikiwa kimefuliwa.