Mpira haujaingia

Mimi nina Land Rover. Msinionee wivu. Ni 109, yaani ile yenye chasi ndefu, pikapu ya mwaka 1978, ya marehemu mzee, na ukoo mzima umekaa kikao ukakubaliana kwamba haiuzwi. Ukoo huohuo sijawahi kuuona ukichangia hata maji ya betri. Wanaikumbuka siku ya kubeba ndizi za msiba tu.

Sasa wiki ya tatu nanuka petroli. Daladala nikipanda kila mtu anafungua dirisha. Kwa asiyejua: kwenye pikapu hii tangi liko chini ya kiti cha dereva, yaani chini kabisa ya makalio. Unaendesha huku umeatamia lita 45 kama kuku. Mdomo wa kujazia uko ubavuni, nyuma ya mlango, na kati ya mdomo na tangi kuna mpira. Mpira huo ukichanika, harufu yote inapanda kwako.

Na ulichanika kwa sababu mwaka jana fundi mmoja, jina namhifadhia, alinipachikia kipande cha mpira wa rejeta. "Mzee wangu, mpira ni mpira." Mpira si mpira! Ule wa rejeta umezoea maji. Ukiunywesha petroli unavimba, unalainika, unakuwa kama ugali wa jana uliomwagiwa mchuzi. Niliutoa kwa vidole, kipande kipande.

Nikaenda Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, kutafuta wa petroli hasa. Shilingi 35,000. Kipande cha urefu wa kiganja! Nikamuuliza muuzaji kama bei hiyo ni pamoja na chai.

Jumamosi asubuhi nikafungua betri nikaitoa kabisa, nikaiweka barazani, maana cheche moja tu pale, ukoo ungekutana tena kujadili nani anarithi. Nikavua shati, nikaanza.

Jamani. Huku bomba la tangi, kule bomba la mdomo wa kujazia, katikati pengo la vidole vinne. Mpira una vidole nane, maana unatakiwa uvae bomba pande zote mbili. Ukiuvalisha chini, juu hauendi. Ukiuvalisha juu, huku chini unafumba mdomo kama mtoto anayekataa uji. Na pale unapita mkono mmoja tu, nao ukishaingia hautoki mpaka uache ngozi. Pembeni kuna kimpira kingine chembamba, cha kupumulia. Hicho nilikidharau tangu mwanzo.

Washauri wakafika. Sijui huwa nani anawaita. Kijana wa bodaboda: "Mzee, paka grisi." Mwalimu mstaafu, jirani yangu: "Grisi itautafuna mpira, paka sabuni." Nikapaka sabuni. Ukateleza vizuri sana, kuelekea nje. Shemeji yangu yeye akaona tatizo ni Waingereza. Eti mwaka 1948 walipotoa Land Rover ya kwanza, chuma kwao kilikuwa cha mgawo tangu vita, ndiyo maana bodi ni ya alumini. Ni kweli kabisa. Bodi haishiki kutu, skrubu ndizo zimebeba kutu ya gari zima. Lakini shemeji, historia inashika tochi? Shika tochi!

Saa tisa umeme ukakatika. Nikasikia kilio kutoka sebuleni, maana saa kumi na moja Simba na Yanga wanaingia uwanjani. Washauri wakaanza kupungua mmoja mmoja. Sikujali, mimi nilikuwa na mpira wangu.

Aliyeleta akili ni mama watoto, tena kwa dharau. "Baba, hebu nipe huo mdudu wako." Akautumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, yaliyokuwa ya chai. Dakika chache tu ukalegea kama andazi lililochovywa. Hapo na mimi akili ikanirudi: kwa nini napigana na pande zote mbili wakati ule mdomo umeshikwa na skrubu tu? Nikazifungua. Moja ilikatika, tusiiongelee. Mdomo ukawa mkononi mwangu, nikauvalisha mpira taratibu, klampu zote mbili zikiwa zimeshavikwa, halafu nikavirudisha vyote pamoja na kuusukumiza mpira chini kwenye tangi. Kwichi. Kwichi. Kile kimpira cha kupumulia nikakipapasa mara mbili kuhakikisha hakijajikunja, maana kikijikunja hewa inakosa pa kutokea, ukifika sheli petroli inamrudia kijana wa pampu usoni, na mimi sina hela ya kumnunulia mtu shati.

"Umeingiaaa!" nikapiga kelele.

Sebuleni wakajibu kwa sauti moja: "Haujaingia! Umegonga mwamba!"

Kumbe wanaona mpira? Na umeme haujarudi? Nikadhani wanasikiliza redio. Nikakaza klampu, nikarudisha skrubu zilizobaki, nikafuta mikono, nikaenda barazani kuchukua betri.

Barazani kulikuwa na mraba msafi katikati ya vumbi, na mburuzo ukielekea mlangoni.

Sebuleni watu kama kumi na sita, nusu yao siwafahamu, mbele ya ile TV ndogo ya sola. Betri yangu iko katikati ya zulia, nyaya mbili zimeng'ata vichwa vyake. Bodaboda yupo. Mwalimu yupo, kakunja nne. Shemeji yuko kwenye kiti changu, tochi bado mkononi.

"Betri yangu," nikasema.

"Shemeji," akanijibu bila kugeuka, "bado dakika kumi na tano."

Mama watoto akanisogezea kigoda. Nikataka kukaa, akaninusa, akakisukuma kwa mguu mpaka nje ya mlango.