Ekari Saba za Kwangu, Wenye Nazo Wengi

Mtu wa Dar akisikia una ekari saba Dodoma anakusogezea kiti. Anakuagizia na chai. Kichwani anapiga hesabu: ekari moja inatoa viwanja vingapi, kila kiwanja milioni ngapi, wizara zote zimeshahamia Mtumba, treni ya umeme inafika, uwanja wa ndege unajengwa Msalato, basi huyu bwana aliyevaa malapa ni bilionea anajificha. Mimi chai nakunywa. Kumsahihisha mtu kabla hajalipa si adabu.

Ekari ninazo kweli. Zina mibuyu miwili, mtama, alizeti kidogo, na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati. Nina na hati ya hakimiliki ya kimila, ina jina langu, ina mhuri, ina picha yangu nimekunja uso kwa sababu mpiga picha alinielekeza juani. Tatizo ni kwamba wenye shamba hilo tuko wengi, na katika orodha mimi nimekaa mkiani.

Nianze na wa juu. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, na mdogo wake Namba 5 ya Ardhi ya Vijiji, zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Sina ubishi. Wananchi wote na mimi nimo. Siku tukigawana kwa haki, nitapata kipande changu ndani ya shamba langu.

Marehemu baba alilipata shamba hili kwa kuhamishwa. Miaka ya 1970, operesheni za vijiji zilipopita Ugogo, alitolewa alikozaliwa, akapandishwa lori yeye, mbuzi wake na jiwe la kusagia la mama yake, akashushwa hapa, akaambiwa kwenu ni hapa. Akashika jembe. Mwaka 1973 ikatangazwa makao makuu yanahamia Dodoma, CDA ikaundwa kusimamia ustawishaji wa mji, na baba akaanza kusubiri lori lingine. Hakupanda mwembe hata mmoja, eti atampandia nani? Alisubiri mpaka akafariki. CDA nayo ikavunjwa mwaka 2017. Wote wawili wametangulia, deni la kusubiri nimerithi mimi.

Wale wa mjini enzi za CDA walipewa viwanja kwa miaka 33, sasa wanapewa 99. Hati yangu ya kimila haina kikomo. Ndiyo raha pekee niliyoiona ya kuwa mshamba: mtu wa ghorofa anahesabu miaka, mimi nahesabu mvua.

Ila usidhani kutokuwa na kikomo maana yake ulale. Sheria hiyo hiyo ya vijiji inasema shamba lisipotumika kwa miaka isiyopungua mitano, linaweza kutangazwa limetelekezwa. Kaka yangu mkubwa yuko Mbagala, ana ekari zake nne jirani na zangu, hajazigusa toka aoe mke wa pili. Aliposikia habari ya miaka mitano akanitumia hela ya trekta usiku usiku. "Mdogo wangu, lima, lima hata kidogo, ionekane." Nikauliza tupande nini. Akasema chochote. Ndiyo maana ukipita kwetu unaona shamba limepigwa matuta vizuri, halina mbegu. Tunalima ushahidi.

Sasa njoo kwenye nyumba. Umeme tuliunganishiwa kwa shilingi 27,000, bei ya kijijini, mama watoto akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani binti kachumbiwa. Siku moja nikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu mbili. Ujumbe ukaingia kwenye simu, nikausoma, nikavaa miwani, nikausoma tena. Kodi ya majengo, 1,500. Imebaki 500. Nayo hiyo 500 kabla haijafika kwenye taa ikapitia VAT, ikapitia REA wa umeme vijijini, ikapitia EWURA wadhibiti wa nishati, kila mmoja kaiomba nauli. Zikaingia uniti nne. Uniti nne, familia ya watu saba na redio moja!

Nikasema vizuri, sinunui. Nitalala gizani, tuone nani atachoka kwanza. Kijana wangu, hawa watoto waliosoma, akaniambia, "Baba, kodi haihitaji taa." Kumbe usiponunua inajumlika huko huko. Ukikaa miezi mitatu na koroboi yako, siku ukirudi unaikuta 4,500 imekaa mkao wa kula.

Ndipo nikaingia kutafuta msamaha. Nikagundua kwamba nyumba za udongo na za nyasi hazimo kwenye kodi hiyo. Jamani, tembe! Babu yangu alizaliwa kwenye tembe, akaoa kwenye tembe, akafia kwenye tembe. Kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa la udongo lililo bapa, ndani ubaridi hata jua la Oktoba liwake vipi. Tukamcheka mzee wa watu kwamba hana maendeleo. Mimi nikauza ng'ombe watatu ili niondoke kwenye udongo niingie kwenye bati, na nilipofika kwenye bati nikakuta mtu wa kodi kanitangulia, keshakaa, ananisubiri.

Nikamwambia mama watoto tung'oe bati. Akaendelea kusonga ugali. Baadaye akauliza, "Februari mvua ikinyesha usiku paa likatuangukia, utaenda kuwalalamikia watu wa mapato?" Nikanyamaza. Yule mwanamke angekuwa mwanasheria tungekuwa mbali.

Msamaha wa pili ni wa wazee. Ukifikisha miaka 60, nyumba unayoishi mwenyewe bila kuifanyia biashara inasamehewa. Mimi nina 57. Wenzangu wanapaka piko kuficha mvi, mimi naomba ziongezeke. Basi nikamfuata mama, yeye ana themanini na ushee, nikamwamkia vizuri, mbukwenyi mama, nikakaa chini, nikamwomba nyumba tuiandike ya kwake. Mama akafurahi. Akasema sawa mwanangu, ila ikishakuwa ya kwangu, wewe na mkeo mtafute pa kupanga, maana nina wapangaji watulivu zaidi.

Tuachane na nyumba. Mwaka jana kijana alipata chuo, nikaona niuze ekari moja tu. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipojua mwenye shamba ni nani.

Kwanza mke aridhie. Hapo tu wanaume wengi wameishia. Wangu aliridhia kwa masharti ambayo hayamo kwenye sheria yoyote, nimeyatimiza, sitayataja. Pili, halmashauri ya kijiji ipitishe. Mnunuzi kama si wa kijiji ajieleze anakuja kufanya nini, atakaa au ataweka uzio aondoke. Sawa, hilo naliunga mkono. Nikaenda kuuliza kodi. Nilikwenda nimejikaza tumbo, maana nilisikia ukiuza ardhi unakatwa asilimia 10 ya faida. Bwana mmoja mpole akanifafanulia kwamba shamba la thamani isiyofika milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita, halimo. Langu limelimwa, tena kwa mbegu kabisa. Nikauliza ushuru wa stempu je? Kwa ardhi ya kilimo, akasema, ni shilingi 500.

Mia tano! Nilimwomba arudie. Hata soda haipatikani kwa mia tano. Nilitoka pale nimenyooka mgongo, nikamwambia kila niliyekutana naye kwamba Serikali haina neno, tunaisingizia tu.

Kumbe Serikali ilikuwa inanivutia kiti nikae, ili wengine waje. Kikao cha kujadili ekari yangu hakikukaa, eti akidi haijatimia. Akidi ikatimia nilipoulizwa kama wajumbe watakunywa nini. Nikanunua maji. Maji hayakutosha, yakaletewa soda, soda ikadai wali. Stempu ya sheria ina bei, kiu ya mjumbe haina bei elekezi. Halafu akaja mwenye mhuri, simtaji, kwetu wote wanamjua na kwenu pia yupo, akasema kwa utaratibu kuna asilimia kumi ya kugonga. Nikamuuliza asilimia kumi hiyo ni ya kifungu gani. Akasema ni ya siku zote. Nikamwambia hamna shida, naomba risiti. Mhuri ukasafiri. Mpaka leo nikiuliza naambiwa uko wilayani, haujarudi.

Mnunuzi wangu, kijana mstaarabu wa wizarani, alivumilia mpaka wali. Ulipofika mhuri akaniaga vizuri tu, akaenda kununua kiwanja kilichopimwa Nala.

Nisiwe mnafiki lakini. Miaka ya nyuma alikuja bwana mmoja na gari la vioo vyeusi, anataka eneo kubwa la upande wa korongo, malisho yetu yote, bei kasema papo hapo na hela anazo kwenye begi. Mkutano mkuu wa kijiji ukamkalia kitako. Wazee wakamuuliza maswali mpaka begi likafungwa. Siku ile nilipiga makofi viganja vikauma. Masharti yakimkaba mwingine ni matamu, sijui kwa nini yakifika shingoni kwangu yanabadilika ladha.

Na kuna mambo madogo madogo, siyahesabu. Shemeji yangu Mkenya anataka kununua ekari mbili alime zabibu, nimwambie nini, wakati asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji tena kwa kupitia mamlaka ya uwekezaji? Mtu amekuja kuoa, unamwambia alete andiko la mradi. Au madini. Yaliyo chini ya ardhi si yangu, ni ya umma. Nilipokuwa nachimba choo, jirani alisimama pale siku nzima ananitazama, nikadhani anataka kusaidia. Kumbe analinda mali ya taifa.

Mjomba yuko upande wa pili wa barabara, kijiji chake kilishageuka mtaa. Yeye aliamka akakuta bikoni katikati ya mtama, jiwe la saruji lenye chuma na namba yake. Kuling'oa ni kosa, kulilima pembeni jembe linagonga. Shangazi akaliona lina kazi, akawa anafungia mbuzi. Wapimaji waliporudi na mashine yao ya miguu mitatu, yule mbuzi kawatolea macho, ndevu zinapepea, anatafuna kamba ya vipimo. Wakaandika namba ya jiwe wakaondoka. Mjomba anapenda kusema shamba lake ndilo pekee lenye mpaka unaolia mee.

Tulimcheka sana mjomba. Juzi wakaja kwetu.

Kijana mmoja mpole, kofia ya pama, buti za vumbi, akatandika ramani juu ya boneti. Mji unapanuka, mpango umefika huku. Tukajazana. Ramani nzuri, rangi rangi: hii makazi, hii biashara, hii shule, hii barabara ya kupita malori. Kila mtu anatafuta kwake. Mwenye genge kaangukia biashara, karuka juu. Mzee wa pili kaangukia shule, akasema angalau atasikia watoto. Mimi nikatafuta mibuyu yangu. Ramani haina mibuyu. Akanisaidia kwa kalamu, akafuata korongo, akafuata njia ya ng'ombe, akagonga mahali. "Mzee, wewe uko hapa."

Ekari saba zote zina rangi moja. Nikauliza hii rangi ni ya nini. Akakohoa kidogo.

"Makaburi."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, wakaniachia nafasi. Mama watoto alishika mdomo, mpaka leo hajakiri kama alikuwa analia au anacheka. Nikauliza, sasa alizeti yangu? Akasema naweza kuvuna, ila nisiendeleze. Nisiendeleze nini, kulima? Kujenga, mzee, na kupanda vya kudumu. Nikamkumbuka baba na ile miembe yake asiyoipanda. Nikauliza fidia. Akasema sheria iko wazi, fidia ni kamili, ya haki na kwa wakati. Nikasema kwa wakati gani. Akasema mchakato.

Nikawaza kidogo. Nikamsogeza pembeni, chini ya mbuyu, nikamwambia mwanangu, mimi si mkorofi. Mji lazima uwe na makaburi, watu watakufa tu, hata wa wizarani. Nina ombi moja. Kwa kuwa shamba lilikuwa langu, na mibuyu hii namjua kila mmoja, niwekewe nafasi yangu mimi na mama watoto hapa kivulini, bure, tusije tukalipishwa siku hiyo.

Akalifikiria ombi langu kwa heshima kabisa. Akasema hakuna tatizo mzee, utaratibu upo. Niandike barua, ipitie kwa mtendaji, nigonge mhuri, niambatanishe nakala ya hati na picha mbili ndogo, mandhari ya bluu.