Usiandike "imesitishwa" kama haitarudi

Tangazo limebandikwa mlangoni: "Huduma imesitishwa." Aliyefika pale kwa nauli yake anataka kujua kitu kimoja, arudi kesho au atafute kwingine, na tangazo halimwambii. Kiswahili kina vitenzi tele vya kuachisha na kumaliza mambo, lakini ofisi nyingi zimeking'ang'ania kimoja na kukipachika kila mahali. Kwa maoni yangu "kusitisha" ndicho kitenzi kinachotumiwa ovyo kuliko vyote katika barua na matangazo yetu, na wanaoumia ni wasomaji.

Shina lake ni "sita". Anayesita anatua kidogo kabla ya kuendelea. Ndiyo maana kusitisha mapigano kunaeleweka bila taabu: bunduki zimenyamaza, ila vita havijaisha na huenda vikaanza tena usiku. Sasa chukua barua ya mwajiri. Katika lugha ya sheria za kazi Tanzania, kusitisha ajira ni kuimaliza kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ikiwa ajira inasitishwa ndani ya mwezi wa kwanza. Baada ya mwezi huo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mfanyakazi akilisoma neno hilo kwa maana yake ya kawaida, atakaa nyumbani akisubiri kuitwa. Huku nyuma zinayoyoma siku 30 alizopewa kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, lazima kwanza aombe aongezewe muda na aeleze sababu za kuchelewa.

Maneno sahihi yapo na watu wanayajua. Aliyezuiwa kufika kazini wakati uchunguzi unaendelea amesimamishwa, na bado ni mwajiriwa. Aliyeondolewa kwa kosa amefukuzwa. Aliyeondolewa kwa sababu kazi imepungua au fedha hazitoshi amepunguzwa. Aliyeandika barua kwa hiari yake ameacha kazi. Mkataba wa miaka 2 uliofika tarehe yake umeisha, hakuna aliyeuvunja. Mwenye cheo cha kuteuliwa hutenguliwa uteuzi, jambo ambalo peke yake si lazima limtoe katika utumishi. Barua ikichanganya haya, mgogoro huanzia hapo hapo kwenye mstari wa kwanza.

Kabla ya kuchagua kitenzi, jiulize: jambo lenyewe lilikamilika? Nani amelifanya likome? Linaweza kuendelea? Swali la pili hujibiwa na mwisho wa kitenzi, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wengi wanauacha ukae bure. Umeme umekatika: haijulikani kama kuna aliyeukata, pengine waya umeanguka. Umeme umekatwa: kuna mkono wa mtu, iwe kwa deni au kwa matengenezo. Uniti zimeisha: tatizo ni la mwenye nyumba, anunue LUKU. Anayepiga simu kuripoti "umekatika" wakati mita yake inasoma sifuri anamtuma fundi kutafuta hitilafu isiyokuwepo.

Historia nayo inaharibiwa na kitenzi kimoja kilichowekwa pasipo mahali pake. Mara kwa mara utasoma kwamba utumwa Zanzibar ulikomeshwa mwaka 1873. Sivyo. Juni mwaka huo Sultani Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao, likiwemo la Mkunazini. Soko lilifungwa. Biashara ikaharamishwa, ingawa iliendelea kwa magendo. Waliokwisha kumilikiwa waliendelea kumilikiwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, tena kwa masharti: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Kati ya kufungwa kwa soko na kufutwa kwa utumwa ni miaka 24 ya maisha ya watu, na anayeandika "ulikomeshwa 1873" anaifuta yote. "Kukomesha" ni kitenzi kizito. Kinafaa kwa uovu, na kinafaa pale tu uovu huo ulipokoma kweli.

Mahakamani pia pana mtego. Mkurugenzi wa Mashtaka akisema hana nia ya kuendelea na shauri, kesi huondolewa na mshtakiwa hutoka, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Gazeti linaloandika "kesi yamalizika" linawapa ndugu zake furaha ya haraka mno. Aliyesikilizwa hadi hukumu na kuonekana hana hatia ndiye ambaye kesi yake imemalizika, kama hakuna rufaa.

Bunge huahirishwa mwishoni mwa kila mkutano na huvunjwa muhula unapoisha. Mechi iliyokatizwa na vurugu dakika ya 60 imevunjika, wala haikumalizika. Ambayo haikuanza kwa sababu uwanja umejaa maji imeahirishwa. Watangazaji wetu wa mpira hawakosei hapa hata kidogo, na ofisi zingejifunza kwao.

Kwa hiyo tangazo liandikwe hivi: "Dirisha la malipo limefungwa kwa muda kuanzia Jumatatu saa 2 asubuhi hadi Jumatano saa 10 jioni. Malipo yanapokelewa dirisha namba 3." Tarehe ya kurudi isipojulikana, andika "limefungwa hadi tutakapotangaza tena", kisha taja mahali tangazo hilo litakapotolewa, maana bila hapo ahadi haina pa kushikiwa. "Sitisha" ukiitumia, ifuatanishe na "kwa muda" na sababu yake. Na huduma ikiwa imeondolewa moja kwa moja, andika "imefutwa" au "haitatolewa tena", utaje na tarehe ya mwisho ya kuchukua nyaraka au kurudishiwa fedha.