Stephen Dedalus tumtafute sikioni

Sura ya tano ya A Portrait of the Artist as a Young Man, riwaya ya mwandishi wa Ayalandi James Joyce, inaanza na chai. Stephen Dedalus, mwanafunzi wa chuo kikuu, anamaliza kikombe cha tatu cha chai nyepesi kama maji, anatafuna maganda ya mkate wa kukaanga, na karibu yake kuna kisanduku chenye karatasi za vitu ambavyo familia imeviweka rehani. Amechelewa vipindi. Mama anamsugua shingo, anafika hadi kwenye mikunjo ya masikio na pembeni mwa pua, huku akisema hali imekuwa mbaya kweli kama mwanachuo anakuwa mchafu hadi aoshwe na mama yake. Stephen anamjibu kwa utulivu: lakini wewe unafurahia.

Kurasa chache nyuma, mwishoni mwa sura ya nne, kijana huyohuyo alikuwa ufukweni Dollymount, akimtazama msichana aliyesimama majini kama ndege wa baharini. Moyo ulimlipuka kwa furaha. Akajiapia kwamba ataishi, atakosea, ataanguka, atashinda, ataumba uhai kutoka kwenye uhai. Kutoka kwenye kiapo hicho tunatua moja kwa moja kwenye maganda ya mkate. Je, James Joyce anamcheka?

Swali hilo limewagawa wasomaji kwa muda mrefu. Riwaya ilitoka kama kitabu New York mwishoni mwa 1916, baada ya kuchapwa kipande kwa kipande katika jarida la The Egoist la London kati ya 1914 na 1915, na wengi waliisoma kama maisha ya Joyce yaliyobadilishwa majina: kijana anazikataa nyavu za taifa, lugha na dini zilizotegwa Ayalandi, anaruka zake kwenda kuwa msanii. Mwaka 1948 mhakiki Hugh Kenner aliandika kwamba tumelishwa kiapo cha kijana tukakichukulia kuwa kauli ya mwandishi. Kwa Kenner, kitabu kizima ni kinaya: Stephen ni mtu wa kujikweza, na Joyce anatuachia tuone wenyewe. Mwaka 1961 mhakiki mwingine, Wayne Booth, akaongeza ugumu mwingine. Hakuna msimulizi anayetushika mkono, alisema, basi tutajuaje ni wapi tumwamini Stephen na ni wapi tumtilie shaka?

Hoja ya kinaya ina nguvu, na anayempenda Stephen asiikwepe. Kila sura inaishia juu na inayofuata inaanzia chini. Sura ya kwanza inafungwa kwa shangwe za wanafunzi wakimbeba mtoto aliyethubutu kwenda kumshtaki mwalimu kwa mkuu wa shule. Ya pili inafunguka na mzee anayefukuzwa akavutie tumbaku yake kwenye kibanda cha uani. Sura ya tatu inaisha na komunyo, kinywa kimefunguliwa, roho nyeupe. Ya nne inatuonyesha sala zilizopangwa kwa ratiba na kuhesabiwa kama fedha kwenye mashine ya duka. Jina lenyewe lina mtego ndani yake. Daedalus wa hadithi za Wagiriki aliunda mbawa akaruka salama, lakini alikuwa na mwana, Icarus, aliyeanguka baharini, na Stephen ni mwana. Joyce mwenyewe alimwambia rafiki yake Frank Budgen kwamba wasomaji wanasahau maneno ya mwisho ya jina la kitabu, yale yanayosema kwamba huyu ni msanii alipokuwa kijana.

Halafu kuna lile shairi. Katika riwaya nzima kuhusu msanii, shairi moja tu kamili la Stephen ndilo tunaloliona likizaliwa: mistari 19 ya villanelle, aina ya shairi lenye mistari inayorudiwarudiwa, iliyoandikwa asubuhi kitandani juu ya paketi ya sigara, imejaa maserafi walioanguka na moshi wa sifa. Si shairi baya. Ni shairi la kijana aliyesoma mashairi mengi. Wanaomcheka Stephen huliweka mezani kama ushahidi wa mwisho: huyu ndiye msanii mliyeahidiwa?

Hapo ndipo ninapoachana nao. Tumemtafuta msanii kwenye shairi, na kwenye ile hotuba ndefu kuhusu uzuri anayomtolea rafiki yake Lynch, kwa sababu huko ndiko tumezoea kuwatafuta wasanii, kwenye kazi iliyokamilika na nadharia yake. Joyce alimweka mahali pengine, na alimweka huko tangu kurasa za mwanzo kabisa. Alimweka sikioni.

Angalia mtoto wa miaka michache katika shule ya bweni ya Clongowes. Mwenzake mmoja ametukanwa kwa neno suck, linalomaanisha mtu anayejikomba kwa wakubwa. Mtoto mwingine angelichukua tusi akaenda nalo uwanjani kulitumia. Stephen anakwama kwenye sauti. Anakumbuka siku aliponawa mikono kwenye hoteli mjini Dublin, baba yake akavuta mnyororo wa kizibo, maji machafu yakateremka polepole hadi yakaisha, na tundu la beseni likatoa mlio uleule: suck. Ila wa hoteli ulikuwa wa nguvu zaidi. Neno ni baya, anagundua, kwa sababu sauti yake ni mbaya. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hilo.

Muda si mrefu anapambana na maneno ya litania ya Bikira Maria: Mnara wa Pembe, Nyumba ya Dhahabu. Waprotestanti huyacheka, wanauliza mwanamke atakuwaje mnara. Stephen anamkumbuka Eileen, jirani Mprotestanti, aliyemfumba macho kwa mikono yake mirefu, myembamba, meupe na baridi. Basi hiyo ndiyo pembe ya ndovu: kitu cheupe na baridi. Nywele zake zilizopeperuka juani ndizo nyumba ya dhahabu. Msomaji Mkatoliki aliyeikariri litania hiyo kwa Kiswahili tangu utotoni, bila kuuliza pembe inatafuta nini kwenye mnara, ataona kazi kubwa aliyoifanya mtoto huyu peke yake.

Kuna sababu ya mwili pia. Stephen haoni vizuri. Miwani yake imevunjika kwenye njia ya kokoto, na ni kwa sababu ya miwani hiyo kwamba Padri Dolan anamwita mvivu mjanja na kumchapa viganja mbele ya darasa. Lakini hata kabla ya kuchapwa, aliposikia wenzake wakisimulia jinsi bakora ya shule ilivyotengenezwa, alikuwa ameshawaza kwamba sauti mbalimbali lazima zina maumivu yake mbalimbali. Miaka baadaye, ufukweni, kabla hajamwona msichana yule, anajiuliza swali lilelile kwa lugha ya mtu mzima: anayapenda maneno kwa rangi na picha zake, au kwa mapigo yake, kwa kuwa macho yake ni dhaifu? Ule uzi haukatiki popote. Msichana wa majini anakuja baada ya swali hilo, na kelele za kumsifia yeye zimetufanya tulipite swali lenyewe.

Sasa tufike kwenye faneli, mahali ambapo kwangu mimi kesi nzima inaamuliwa.

Katika sura ya tano Stephen anamkuta mkuu wa taaluma, padri Mjesuiti kutoka Uingereza, akiwasha moto kwenye meko ya ukumbi. Wanazungumza juu ya taa, na padri anataja faneli, kile chombo cha kumiminia mafuta kwenye taa. Stephen haelewi. Akishaelewa anauliza: hiyo si ndiyo tundish? Padri hajawahi kulisikia neno hilo. Anauliza kama huko Ayalandi ndivyo wanavyokiita. Stephen anajibu huku akicheka kwamba ndivyo kinavyoitwa Lower Drumcondra, kitongoji cha Dublin, wanakozungumza Kiingereza bora kuliko kote. Mzaha umepita, lakini ndani yake kitu kimechomwa. Lugha tunayoizungumza, anawaza, ni ya huyu kabla haijawa yangu. Maneno ya kawaida kabisa, nyumbani, Kristo, bwana, yanatoka tofauti kwenye midomo ya padri na kwenye midomo yake. Roho yake inahangaika kwenye kivuli cha lugha ya mwingine.

Na hana pa kukimbilia. Kiayalandi alijiandikisha kukisoma, akaacha baada ya somo la kwanza, na rafiki yake Davin, kijana wa shamba na mzalendo wa kweli, anamlaumu kwa hilo. Msomaji wa Kitanzania aliyetoka darasa la saba la Kiswahili akaingia kidato cha kwanza cha Kiingereza anaijua hali hiyo ya kuwa na jambo kamili kichwani na neno lenye aibu mdomoni.

Kama kitabu kingeishia hapo, tungekuwa na malalamiko tu, tena mazuri. Lakini karibu na mwisho, riwaya inapogeuka kuwa shajara, tarehe 13 Aprili Stephen anaandika kwamba neno lile limemkaa kichwani muda mrefu. Amelitafuta kwenye kamusi. Kumbe ni Kiingereza, tena Kiingereza cha zamani, safi. Padri amekuja kufanya nini huku, anauliza kwa hasira: kutufundisha lugha yake au kujifunza kwetu?

Mara nyingi nimeona tukio la faneli likinukuliwa hadi kwenye roho inayohangaika, kisha mwandishi anafunga nukuu. Wanaiacha kamusi, na kamusi ndiyo jambo lenyewe. Kijana amedharauliwa kistaarabu, ameumia, ameondoka. Wengine wangegeuza uchungu kuwa hotuba, au wangelisahau neno. Yeye amelibeba kwa siku nyingi, kisha ameenda kulichunguza, na alichokikuta kimegeuza mizani: mkoloni amepoteza neno lake mwenyewe, na aliyetawaliwa ndiye aliyelitunza kwenye vitongoji vya Dublin. Hilo si wazo lililotoka vitabuni kama zile nadharia za uzuri. Limetoka kwenye sikio lililokataa kuachia sauti moja, na ni sikio lilelile lililosikia tundu la beseni. Kama unataka kujua lini Stephen Dedalus amekuwa msanii, jibu langu ni hiyo Aprili 13. Hana shairi siku hiyo. Ana mistari michache ya shajara na hasira.

Hata swali la Booth linapata jibu kwa njia hiyo. Ni kweli hakuna msimulizi anayetuongoza, kwa sababu usimulizi wenyewe unakua na Stephen: unaanza na lugha ya mtoto anayesimuliwa habari za ng'ombe njiani, unapitia sentensi zilizofura za ujana, unaishia kwenye nafsi yake mwenyewe ikiandika. Kenner huyohuyo alionyesha mwaka 1978 kwamba Joyce huazima kutoka kwa mhusika neno ambalo mhusika mwenyewe angelichagua. Basi ule ufukwe wenye mapambo mengi umeandikwa kwa maneno ya Stephen. Wenye hoja ya kinaya huona hapo dhihaka. Mimi naona uvumilivu wa mwandishi aliyeikubali kila hatua ya sikio linalojifunza, hata ile ya kupenda maneno matamu kupita kiasi. Joyce alianza na rasimu ndefu iliyoitwa Stephen Hero, mamia ya kurasa, kisha akaanza upya. Tarehe zilizo mwisho wa riwaya zinasema Dublin 1904, Trieste 1914. Miaka 10 ni mingi mno kuitumia kumcheka kijana.

Shtaka moja siwezi kulifuta. Wanawake wa kitabu hiki ni picha. Msichana wa majini hasemi neno. Yule anayeandikiwa villanelle, aliyekuwa na jina kamili katika Stephen Hero, hapa amebakiwa na jina la Emma tu, au herufi mbili, E. C. Na mama, anayemsugua shingo, anayemsihi aende komunyo ya Pasaka, hasikilizwi vizuri hata mara moja. Rafiki yake Cranly anamuuliza kama anampenda mama yake, na Stephen anajibu kwamba haelewi maneno hayo yana maana gani. Msomaji anaweza kukasirika hapo, na ana haki.

Lakini angalia amejibu kwa namna gani. Kwa mtu mwingine jibu hilo lingekuwa ubaridi mtupu. Kwa huyu ni taarifa ya kweli: kuna neno ambalo hajalisikia bado. Tarehe 26 Aprili, siku 13 baada ya kamusi, mama anampangia nguo zake mpya za mitumba kwa safari. Anamwombea, anasema, ajifunze mbali na nyumbani na marafiki moyo ni kitu gani na unahisi nini. Stephen anaandika: Amina. Na iwe hivyo. Kisha anapiga mbio kwenye kiapo chake kikubwa cha mwisho na kitabu kinafungwa.

Neno la mama hakulitafuta. Katika Ulysses, riwaya ya Joyce iliyotoka 1922, Stephen amesharudi Dublin na mama amekwisha kufa. Usiku, katikati ya ulevi na kelele, mzimu wake unamtokea. Stephen ana hofu na majuto, na kitu kimoja tu cha kumwomba: niambie lile neno, mama, kama sasa unalijua, neno linalojulikana na watu wote.